Ukija Maktaba Usiishie kwa Soketi

Wiki ya kwanza ya muhula huwa nasimama karibu na mlango nikiangalia wanafunzi wapya wakiingia, na miaka yote nimeona kitu kimoja tu, mtu akiingia macho yake hayaendi kwa vitabu wala kwa kompyuta wala kwangu, yanashuka chini ya ukuta kutafuta soketi. Akishaipata hapo ndipo kwake mpaka jioni. Simlaumu. Bedsita za huku nyuma ya chuo stima ni ya tokeni na tokeni ikiisha katikati ya mwezi hakuna kuongea, bando nayo ni pesa, kwa hivyo kama maktaba imekupa kiti, taa, waifai na mahali pa kuchaji simu hiyo peke yake ni msaada mkubwa. Lakini unapata mtu amekaa kwa hicho kiti miaka minne na hajawahi kuuliza swali kaunta hata siku moja, anamaliza, anakuja kusainiwa kliarensi, ile fomu ya kuondoka chuoni, na hapo ndipo tunasalimiana mara ya kwanza.

Mimi ni mkutubi kwenye chuo kimoja hapa Nairobi na watu wengi wanadhani kazi yangu ni kupiga muhuri na kunyamazisha watu. Kunyamazisha ni kazi kweli, hasa wakati wa CAT, ile mitihani midogo ya katikati ya muhula. Lakini kuna Mhindi mmoja aliitwa Ranganathan, alikuwa mwalimu wa hesabu kabla awe mkutubi, na mwaka wa 1931 alitoa kanuni tano za maktaba, ya pili ni kila msomaji apate kitabu chake na ya nne ni okoa muda wa msomaji. Hiyo ya nne ndiyo mshahara wangu unalipiwa. Kitu umehangaika nacho siku tatu kwa simu naweza kukuonyesha kwa dakika kumi, si ati nina akili kukuliko, ni vile tu nimeshajua vitu vinakaa wapi.

Angalia zile namba ziko kwa mgongo wa kitabu. Kwetu tunatumia mpangilio wa Dewey, Mmarekani aliyeutoa mwaka wa 1876, vyuo vikuu vingine vinatumia ule wa Maktaba ya Bunge la Marekani ambao unaanza na herufi, lakini wazo ni lile lile, kila kitabu kina anwani kama nyumba. Uhasibu ni 657. Unesi ni 610.73, kuprogramu kompyuta 005, Kiswahili kiko 496.392. Ukishajua namba ya kozi yako huna haja ya kutafuta kitabu kimoja kimoja, nenda kwa hiyo rafu uangalie majirani, kushoto na kulia, kwa sababu mara nyingi kitabu kitakachokufungua akili si kile leksha alitaja bali ni kile kimekaa kando yake.

Na hapa wacha niseme kitu kinanikera. Mitihani ikikaribia kuna watu wanaficha vitabu. Kitabu cha uhasibu tuko na kopi tatu, darasa lina watu zaidi ya mia, sasa mjanja anachukua moja anaisukuma katikati ya mashairi huko 800 mahali hakuna mtu hupita, kesho arudi aisome peke yake. Kompyuta inasema kitabu kiko, rafu inasema hakiko, na mimi hapo katikati naonekana mwongo. Kitabu kikiwa mahali si pake ni kama kimeibiwa, tofauti ni kwamba kimeibiwa na bado kiko ndani ya nyumba. Ndio maana tunapita rafu kwa rafu tukisoma namba moja moja, na ndio maana tunawaambia ukimaliza acha kitabu mezani usirudishe mwenyewe. Vile vinavyogombaniwa sana tunaviweka shoti loni nyuma ya kaunta, unakisoma masaa mawili hapo hapo unarudisha. Kwa hivyo ukikosa kitabu usiende zako ukiwa umekasirika, uliza, kiko shoti loni ama kiko kwa mashairi.

Sasa sehemu ambayo watu hawaijui kabisa, na inaniuma juu ndiyo inakula pesa nyingi. Mwanafunzi yuko kwa projekti, ametafuta makala kwa Google Scholar, amepata ile yenyewe, anabonyeza na tovuti inamwambia alipe dola thelathini na kitu. Makala moja! Basi anaiacha, anachukua kitu chochote cha bure hata kama kimeandikwa na mtu asiyejulikana, na leksha anamkatia maksi. Usilipe, na usiache. Maktaba za vyuo hapa Kenya ziko na muungano wao unaitwa KLISC, unajadiliana bei na wachapishaji kwa niaba ya wote halafu gharama inagawanywa, juu chuo kimoja peke yake hakiwezi bei hizo. Kwa hivyo kuna uwezekano mzuri kwamba hiyo makala ya dola thelathini chuo chako kilishailipia, wewe ni kuingia tu kwa akaunti ya maktaba, hata ukiwa kwenu Kitengela ama umeenda ushago. Mambo ya afya na kilimo kuna Research4Life pia, ambapo mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na wachapishaji wanafungulia taasisi za nchi kama zetu majarida bure ama kwa bei ya chini. Neno la siri tunakupa kaunta na hata hatukuulizi unataka kusoma nini. Na kama hata huko haiko, niambie, nitamwandikia mkutubi mwenzangu wa chuo kingine, sisi huombana vitu kama majirani wanavyoombana chumvi.

Halafu kuna shida ya juzi juzi. Kijana alikuja na orodha ya makala kumi na mbili, "Madam, naomba unisaidie na hizi, zimekataa kuonekana." Nikatafuta. Waandishi ni wa kweli, jarida ni la kweli, mwaka unakaa sawa, lakini makala zenyewe hakuna, nyingi hazijawahi kuandikwa na mtu yeyote hapa duniani. Nikamuuliza amezitoa wapi akaanza kuangalia viatu vyake. Alikuwa amepewa na programu ya akili bandia ya kuchati, hizo zilizoshika moto tangu mwisho wa 2022, na zinaweza kutunga marejeo vile mtu aliyechelewa anatunga kisingizio, zinajua tu marejeo hufanana vipi. Sikumfokea. Nilimwonyesha namba ya DOI, namba ya kutambulisha makala, ile inaanza na 10, makala nyingi za majarida ya siku hizi ziko nayo, ukiibandika kwa doi.org inakupeleka moja kwa moja mpaka makala ilipo. Isipokupeleka popote, ama uandike kuhusu mikopo ya simu ikupeleke kwa magonjwa ya samaki, shtuka. Tulikaa kama saa moja tukapata zingine tano za kweli na akaona ni bora tano.

Turnitin, ile programu ya kuangalia kama kazi yako imenakiliwa, nayo niipitie haraka juu maswali hayaishi. Ile asilimia si asilimia ya wizi, ni kiasi cha maneno yanayofanana na maandishi mengine, kwa hivyo unaweza kuwa na 25 na uko safi kwa sababu ni manukuu yenye alama na orodha ya marejeo, na unaweza kuwa na 6 na hizo 6 zote ni aya moja uliyoiba nzima. Kuja na ripoti yako tuisome pamoja kabla ya kusabmiti, si baada.

Na kama wewe hauoni vizuri, ama unasaidia mwenzako asiyeona, jua kwamba Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka wa 2017. Kwa lugha rahisi, maana yake ni kwamba kutengeneza nakala ya kitabu ambayo asiyeona anaweza kuitumia, iwe ya sauti ama ya breli ama faili ambalo simu inaweza kulisoma kwa sauti, si lazima tumwombe ruhusa mchapishaji kwanza. Inachukua muda kuskani kitabu kizima na kurekebisha makosa, kwa hivyo ukipata orodha ya vitabu vya kozi ilete siku hiyo hiyo, usingoje wiki ya mtihani.

Sasa majirani. Geti la chuo liko na askari na askari anataka kitambulisho cha mwanafunzi, basi watu wa mtaa wanaona hapo ndani hapawahusu. Kwetu jirani anaingia, anajiandikisha kama msomaji wa nje, anasoma humo humo ila haazimi kitabu kwenda nacho nyumbani. Vyuo vinatofautiana, vingine vinataka barua ama ada, piga simu kwanza usile nauli bure.

Wengi wao hawaji kusoma riwaya. Kuna mama mmoja alikuja ameshika karatasi imekunjwa kunjwa, wazee na akina mama wa mtaa huniita mwalimu ingawa sijawahi kufundisha darasa, akaniambia, "Mwalimu, nimeambiwa jina la marehemu mzee wangu liko kwa gazeti la serikali na mimi hata sijui linauzwa wapi." Kesi ya urithi ikipelekwa kortini hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi, hilo gazeti la serikali, na kuanzia hapo watu wenye pingamizi wanapewa siku 30. Hati ya shamba nayo ikisemekana imepotea, msajili anatangaza huko huko na kungoja siku 60 kabla atoe mpya. Sasa jiulize ni watu wangapi hapa mtaani husoma hilo gazeti, unakuta shamba limeshaenda na tangazo lilikuwa wazi kwa kila mtu. Na kusoma ni bure, tovuti ya Kenya Law imeweka Gazeti Rasmi, sheria zote na hukumu za korti. Nilikaa na mama tukatafuta kwa jina la mzee, tukapata ukurasa, zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Sikumwambia afanye nini, mimi si wakili na mkutubi akianza kutoa ushauri wa sheria ataangusha mtu, nilimprintia, nikamwonyesha namba ya kesi na jina la korti, akaenda. Na wala sikumsimulia mtu mtaani, kile unachokuja kutafuta ni siri yako.

Wengine ni kuku. Sijui kwa nini lakini kila mtu akistaafu anataka kuku, nawapeleka 636.5 na wanatulia. Vijana wanakuja na mambo ya mkopo wa masomo wa HELB, PIN ya kodi ya KRA, huduma za serikali za eCitizen. Watu wa saiba, yale maduka ya intaneti, watakufanyia, ni kweli na ni haraka, lakini neno lako la siri linabaki kwa kile kidaftari chao. Sisi tunakuketisha kwa kompyuta, unaandika mwenyewe polepole, ukikwama unaita.

Ukiwa mbali na chuo chochote kuna za umma. Shirika la maktaba la taifa, KNLS, liliundwa kwa sheria mwaka wa 1965 na Maktaba Kuu yao iko Upper Hill. Za Kaunti ya Nairobi kuna McMillan pale Banda Street, ile ya simba wa mawe mlangoni, pamoja na matawi ya Kaloleni na Makadara. McMillan ilifunguliwa 1931, mwaka ule ule Ranganathan anasema kila msomaji apate kitabu chake, na Mwafrika hakuruhusiwa kukanyaga humo ndani. Mimi kila nikipita pale nawaza karani gani wa mjini alikuwa anasimama nje kwa hizo ngazi akingoja bosi wake atoke.

Jambo la mwisho ni la wale wanaomaliza mwaka huu. Kama uko na kitabu chetu chini ya kitanda tangu mwaka wa pili, kilete sasa, faini inaongeleka lakini kliarensi wiki ya graduesheni haiongeleki, foleni inafika mpaka ngazi. Na ukipata kaunta haina mtu gonga meza kidogo, nitakuwa kwa mashairi natafuta 657.