Mchungaji Anayezika Kila Wiki Analia Lini?

Chukua mchungaji wa usharika wa huko juu, tuseme Marangu au Machame. Jumatano amezika kijana wa bodaboda. Ijumaa amezika mama wa kwaya, rafiki yake wa miaka mingi. Kote alisimama kati ya migomba, Biblia mkononi, akafariji wengine. Jumapili mchana, kwenye baraza la wazee, mzee mmoja anauliza kwa upole kuhusu risiti ya spika. Mchungaji anapiga meza: "Mnaniona mwizi?" Kimya. Mtunza hazina anafunga daftari lake taratibu.

Wazee wataondoka wakisema baba mchungaji ana hasira. Mimi ninayefundisha huduma ya kichungaji hapa Moshi nasema ana msiba.

Fungua Hesabu 20. Mstari wa kwanza, Miriamu anakufa na kuzikwa Kadeshi. Wa pili, hakuna maji, na watu wanamkusanyikia Musa kwa manung'uniko. Mwisho wa sura hiyo Haruni analiliwa siku 30. Kwa dada yao haitajwi hata moja. Katikati, Musa anawaita watu waasi, anaupiga mwamba mara mbili, na anaikosa nchi ya ahadi. Maandiko hayasemi kwamba msiba ndio uliomponza, nami siyaongezei. Ila kila nikiifundisha sura hii, ule mstari wa kwanza haunipi nafasi ya kuuruka.

Mwaka 1990 wanasaikolojia Peter Salovey na John Mayer waliieleza akili ya hisia kuwa ni uwezo wa kutambua hisia zako na za wenzako, kuzipambanua, na kuziacha zikuongoze katika kufikiri na kutenda. Hapo kwenye kupambanua ndipo wachungaji wengi tunapokwama. Tunasema "hasira" basi, wakati Kiswahili kimetupa uchungu, kinyongo, fedheha, simanzi. Yule ndugu yetu aliposikia neno risiti alifedheheka, na chini ya fedheha kulikuwa na simanzi ya Ijumaa. Angeijua, angesema: "Wazee wangu, nimeumia wiki hii. Naombeni tulizungumze Jumatano." Wangemwelewa.

Hili linafundishika. Mwaka 1925 Anton Boisen, mchungaji aliyewahi kulazwa yeye mwenyewe kwa ugonjwa wa akili, alianza kuwafundisha wanafunzi wa theolojia ndani ya hospitali ya Worcester, Marekani. Katika mafunzo yaliyotokana na kazi ile, mwanafunzi huandika mazungumzo yake na mgonjwa neno kwa neno, kisha mbele ya wenzake anaulizwa: hapa ulipokimbilia kuomba, ulikuwa unahisi nini? Mara nyingi jibu ni woga. Mchungaji wa usharika anaweza kufanya vivyo hivyo na mwenzake wa usharika jirani, mara moja kwa mwezi, kwa siri.

Nanyi wazee, baada ya mazishi kama yale ya Ijumaa, nendeni wawili nyumbani kwake jioni. Muulizeni habari za rafiki yake, mwacheni asimulie. Siku hiyo msimwombe afunge kwa sala; fungeni ninyi.