Michakato ya kompyuta: dhana za steshenarini na ukweli wake

Katika steshenari za Ngamiani, mjini Tanga, kompyuta inapoanza kuganda huku wateja wakisubiri kuchapishiwa barua, tiba inayotajwa kwanza ni kupiga Windows upya. Kazi hiyo hula muda mwingi na kufuta ushahidi wote wa kosa, ilhali Process Explorer, programu ya bure iliyoandikwa na Mark Russinovich wa Sysinternals na kuingia mikononi mwa Microsoft mwaka 2006, ingeweza kuonyesha mchakato, yaani programu inayoendeshwa wakati huo, unaosumbua kabla ya kufutwa chochote. Haihitaji kusakinishwa, hivyo fundi anaweza kuibeba kwenye flashi.

Dhana: svchost.exe zikiwa nyingi, kompyuta ina virusi.

Hii ndiyo dhana inayopoteza watu wengi, na inastahili kujibiwa kwa kirefu. Windows hutumia jina hilo kuendesha huduma zake, yaani programu zinazofanya kazi chinichini bila dirisha, na tangu toleo la 1703 la Windows 10, lililotoka mwaka 2017, kompyuta yenye RAM inayozidi GB 3.5 huzitenganisha huduma nyingi ili kila moja iwe na mchakato wake. Kuona makumi ya svchost.exe ni jambo la kawaida. Kinachopaswa kuchunguzwa ni nasaba, wala si idadi. Process Explorer huipanga michakato kama ukoo, mzazi juu na watoto chini yake, na svchost.exe ya huduma za Windows huzaliwa na services.exe, mchakato unaosimamia huduma hizo, na kwa kawaida faili lake hukaa ndani ya folda ya System32. Ikionekana chini ya mzazi mwingine, ikitokea kwenye folda ya Temp, au herufi zake zikiwa zimepinduliwa na kuwa scvhost.exe, hapo kuna sababu ya kushuku. Process Explorer pia huweza kuhakiki saini ya kidijitali ya kila faili, inayothibitisha aliyeitengeneza, na kuulizia VirusTotal, tovuti inayopima faili kwa injini nyingi za kusaka virusi, ingawa injini moja tu ikilalamika haitoshi kuwa hukumu.

Dhana: System Idle Process ikifika asilimia 95, ndiyo inayokula prosesa.

Kinyume chake, namba hiyo hupima muda ambao prosesa haina kazi.

Dhana: flashi ikikataa kutolewa, ni lazima kuizima kompyuta.

Mara nyingi kuna programu moja iliyoshikilia faili lililomo. Fungua Process Explorer kwa mamlaka ya msimamizi, bonyeza Ctrl+F, andika herufi ya flashi, kwa mfano E:, nayo itakutajia mchakato unaoishikilia. Uufunge kwa njia yake ya kawaida, kwa kuwa kulinyang'anya faili kwa nguvu kunaweza kuharibu kazi ya mteja ambayo haijahifadhiwa.

Dhana: mchakato usioufahamu, uue.

Kuiua csrss.exe, mchakato wa msingi wa Windows yenyewe, huiangusha Windows yote papo hapo. Hata mchakato unaoshukiwa kwa haki ni bora usimamishwe kwanza kwa amri ya Suspend ya Process Explorer, kwa sababu baadhi ya programu hasidi huendeshwa mbili mbili zikilindana: ukiiua moja, ya pili huiamsha. Zikisimamishwa zote, hakuna iliyo macho ya kumwamsha mwenzake, na ndipo ziuawe moja baada ya nyingine.