Kuituliza besi kwa programu ya gaini

Besi isipotulia, miksi nzima, yaani mchanganyiko wa vyombo vyote, haitulii. Noti moja inavimba hadi inaifunika ngoma ya mguu, inayofuata inazama msikilizaji asijue hata kama ilipigwa. Wengi hapo hukimbilia kompresa, zana inayopunguza sauti zilizozidi, na kuibana besi mpaka ikae kimya. Mimi kompresa naiacha kwanza. Naanza na programu inayopandisha na kushusha gaini (kiwango cha sauti) yenyewe, kama Bass Rider ya Waves na nyingine za aina hiyo, halafu ndiyo naona kama kuna kazi iliyobaki.

Hizi ni zana mbili tofauti, ingawa kwenye skrini zote mbili zinaonekana kupunguza desibeli. Kompresa inashughulika na kilichovuka kizingiti tu, yaani kiwango unachokiweka wewe. Ukiiweka kwenye uwiano wa 4 kwa 1, noti iliyokipita kizingiti kwa desibeli 6 itatoka ikiwa imekipita kwa desibeli 1.5. Noti dhaifu iliyo chini ya kizingiti haiguswi kabisa. Inabaki dhaifu vilevile hadi wewe upandishe kila kitu kwa pamoja. Programu ya gaini inafanya kazi pande zote mbili: iliyozidi inashushwa, iliyopungua inainuliwa, na umbo la noti yenyewe, ule mpigo wa kidole na mlio unaofuata, kwa kiasi kikubwa linabaki kama mpigaji alivyolitoa. Ni kazi ileile ya fundi aliyekaa na kidole juu ya fada (kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti) wimbo mzima.

Kuna na suala la muda, na hapa ndipo besi inapotofautiana na sauti ya mwimbaji. Uzi mnene wa gita la besi la nyuzi nne, ule wa E, unatetemeka kwa hezi 41.2. Maana yake mzunguko mmoja wa wimbi unachukua takriban milisekunde 24. Kompresa yenye muda mfupi sana wa kushika na wa kuachia, tuseme milisekunde 5 au 10, inabana na kulegeza ndani ya mzunguko huohuo mmoja. Haifuati tena ukubwa wa noti, inafuata mkunjo wa wimbi, na matokeo yake ni mkwaruzo. Kuna wanaoutaka mkwaruzo huo makusudi, nami nimewahi kuutumia, lakini hiyo ni rangi, si usawa. Programu ya gaini inapima wastani wa kipande kirefu zaidi kabla ya kugusa chochote.

Mipangilio yenyewe si mingi. Tafuta sehemu ya wimbo ambapo besi imekaa pake, iweke hiyo iwe kiwango lengwa, kisha weka mipaka: kupanda kusizidi desibeli 3, kushuka kusizidi 4. Watu wananiuliza kwa nini ninabana mipaka hivyo wakati programu inaruhusu zaidi. Sababu iko sikioni. Tangu watafiti Fletcher na Munson walipochapisha vipimo vyao mwaka 1933 inajulikana kwamba masikio yetu hayasikii sauti nzito sawa na sauti za kati. Kwanza, besi inahitaji nguvu zaidi ndipo isikike. Pili, ikishasikika, badiliko dogo la desibeli linaonekana kubwa. Desibeli 3 kwenye hezi 40 zinasikika kama badiliko kubwa kuliko desibeli 3 kwenye hezi 1000. Kwa hiyo programu ikitembea desibeli 8 juu na chini, hutasikia besi iliyotulia. Utasikia miksi inayopumua.

Sasa angalia kile ambacho programu haikioni. Magita mengi ya besi yenye shingo ya mbao yana mahali panapoua mlio kwenye uzi wa G, mara nyingi karibu na freti (vipande vya chuma shingoni) ya tano hadi ya saba. Shingo inanyonya nguvu ya uzi, noti inaanza vizuri kisha inakufa mapema. Programu inaona kiwango kinashuka, inainua. Inachoinua ni mkia wa noti uliokwisha kufa, pamoja na msuguano wa kidole na mvumo wa pikapu (sumaku inayodaka mlio wa nyuzi). Ukiona mstari wa gaini unapanda kama mlima mwishoni mwa kila C au D ya juu, noti za freti hizo, ni hilo. Ongeza muda wa kuitikia, au futa mlima huo kwa mkono.

Kingine ni chumba. Chumba chenye urefu wa mita 4 kinavuma chenyewe karibu na hezi 43, jirani kabisa na ile E. Ukikaa katikati ya urefu huo unaisikia E imepotea, ukisogea ukutani inakuvamia. Kabla hujailaumu besi, itazame mita ya kiwango cha sauti kwenye skrini na usikilize kwa hedifoni. Kama E na A zinalingana huko, tatizo si la wimbo, na programu yoyote utakayoituma ikalirekebishe itaharibu kitu kilichokuwa sawa.

Baadhi ya programu hizi zina mlango wa pembeni unaoingiza muziki mwingine, ili besi ipimwe kwa kulinganishwa na vyombo vingine. Unafaa sana wimbo ukiwa umejaa mwanzo hadi mwisho. Ila kwenye kipande ambacho vyombo vinanyamaza na besi inabaki peke yake, programu inaona muziki umepungua na inaishusha besi nayo, pale pale ambapo ilitakiwa itawale. Ndiyo maana siiachi ikifanya kazi moja kwa moja hadi mwisho. Naiamuru iandike mienendo yake kama otomesheni ya fada, yaani mstari wa kupanda na kushuka unaoweza kuuhariri, kisha naizima na kupitia mstari huo kwa jicho na sikio. Kwenye kiitikio narudisha desibeli 1 ambayo mpigaji aliiongeza kwa kusudi.

Baada ya hapo ndipo kompresa inaingia, ikiwa imewekwa mbele yake ile gaini iliyokwisha kusawazishwa. Inabana desibeli 2 au 3 tu, kila noti kwa kiasi kinachokaribiana.

Besi ikiwa imetulia lakini bado haisikiki kwenye simu, gaini haitasaidia. Spika ya simu haiwezi kutoa hezi 41. Hapo ongeza mkwaruzo kidogo ili zitokee sauti tanzu za hezi 82 na 124 na kuendelea juu, sikio litajazia kilichobaki. Na kama besi yako ni ya sinthesaiza iliyochorwa kwa midi (noti zilizoandikwa kwenye kompyuta), usiipakie programu hii kabisa: fungua noti, sawazisha velositi (nguvu ya kila noti), dakika chache umemaliza.