Parasite: wahakiki waliona ngazi, Mbeya tukasikia harufu

Kila mwaka nawaonyesha vijana ninaowafundisha uhakiki hapa Mbeya filamu ya Parasite ya Bong Joon-ho, na kila mwaka mjadala unagoma kufuata njia waliyoichonga wahakiki.

Filamu hii ya Korea Kusini ilitwaa Palme d'Or kule Cannes mwaka 2019. Februari 2020 ikazoa tuzo nne za Oscar, ikiwemo ya filamu bora, ambayo kabla ya hapo haikuwahi kwenda kwa filamu isiyo ya Kiingereza. Sifa zilimiminika, na nyingi zilishikilia ngazi: akina Park, familia tajiri, wako juu, akina Kim, familia maskini inayowafanyia kazi, wako kwenye banjiha, nyumba iliyozama nusu ardhini, na mvua ikinyesha maji yote yanateremkia kwa maskini. Sawa kabisa. Ila kamwambie hayo kijana aliyekulia kwenye miinuko ya Loleza, ambako aliyekosa kiwanja tambarare ndiye anayepanda mlima na ndoo kichwani. "Mwalimu, mbona huku maskini ndiye yuko juu?" Sikuwa na jibu la haraka.

Kinacholinyamazisha darasa ni harufu. Mtoto wa Park anawanusa watumishi, yaani akina Kim waliojifanya hawajuani, na kugundua kwamba wote wana harufu moja. Usiku, kwenye kochi, bwana Park anamsimulia mkewe harufu ya dereva wao, baba wa akina Kim, anaifananisha na ile ya tambara linalochemshwa, na dereva mwenyewe amejibana palepale chini ya meza, anasikia kila neno.

Hapa Mbeya hilo halihitaji mtafsiri. Juni na Julai baridi ikikaza, jiko la mkaa huingizwa ndani (ni hatari, najua), asubuhi koti linatoka na moshi wake. Dada mmoja darasani, aliyewahi kufanya kazi za ndani, alisema bosi wake alimpa sabuni na pafyumu siku ya kwanza. "Nikadhani ni zawadi."

Kicheko kikubwa huwa ni kwenye Kiingereza. Mama Park anakichomeka kila anapotaka kuonekana wa maana, na vijana wa Kim wanafanya kazi kwake kwa majina ya Kevin na Jessica. Wahakiki wengi walipita hapo haraka. Mimi nadhani ndipo utamaduni unapogongana na tabaka waziwazi, na yeyote anayehangaika na ada ya "inglishi midiamu" analiona hilo bila kuelezwa.

Sasa kisu, na kama hujaiona filamu ishia hapa. Wapo waliolalamika kwamba Kim, yule dereva, anamchoma bosi wake ghafla mno, bila sababu ya kutosha. Yule dada hakushtuka. Aliomba nirudishe nyuma kidogo, pale bwana Park, akiwa amebana pua, anapochukua funguo chini ya mwili wa mtu aliyekuwa akiishi kwa siri kwenye handaki chini ya nyumba ya akina Park.

"Simamisha hapo," akasema.