Gharama ya begi moja haitoki kwenye risiti peke yake, inatoka pia kwenye bajeti yako

Kwenye mafunzo tunayotoa kwa wafanyabiashara wadogo huwa naanza na swali jepesi: bidhaa yako moja inakugharimu kiasi gani mpaka ifike mkononi kwa mteja? Wengi wanajibu hapo hapo bila hata kufungua daftari. Halafu nauliza la pili, hiyo namba umeipata ukitegemea kuuza ngapi kwa mwezi? Hapo ndo watu wanaanza kutazamana, na siwalaumu, maana karibu kila mtu amefundishwa hivi vitu viwili mbali mbali, yaani bajeti ni karatasi ya kupeleka benki ukiomba mkopo, na hesabu ya gharama ni kujumlisha malighafi, unaongeza kidogo juu, unapata bei. Kumbe kila kimoja kinategemea namba za mwenzake, na ukivitenganisha vyote viwili vinakupoteza.

Tuchukue mfano mmoja twende nao. Mtu ana karakana ya kushona mabegi. Sitataja hela ya nchi yoyote, zichukue namba kama zilivyo kisha uweke za kwako. Kila begi linakula kitambaa cha 12, zipu na uzi 3, na fundi analipwa 5 kwa kila begi analomaliza, jumla 20. Hizi ni gharama zinazobadilika, usiposhona hazipo, ukishona mara mbili zinakuwa mara mbili. Halafu kuna zile zinazokuja ushone usishone: pango, intaneti, ulinzi, mshahara wa msaidizi wa kudumu, mshahara wa mwenye biashara mwenyewe, uchakavu wa mashine. Zote kwa mwezi 6,000. Hizo ndo gharama za kudumu.

Sasa begi moja ni kiasi gani? Ile 20 iko wazi, lakini ile 6,000 unaigawa kwa ngapi? Huyu mtu kwenye bajeti yake amepanga kushona na kuuza mabegi 300 kwa mwezi, 6,000 gawa kwa 300 ni 20, kwa hiyo begi linasimama kwenye 40, analiuza 50, anabaki na 10 kila begi na mwezi ukiisha ana faida ya 3,000. Vizuri kabisa. Ila angalia ile 20 ya pili imetoka wapi, hakuna risiti yoyote inayoionyesha. Imetoka kwenye makadirio ya mauzo. Ile 300 ikikosea, gharama ya begi nayo imekosea, hata kama risiti zote zimehifadhiwa vizuri na kila kitu kimeandikwa.

Na hapa ndo penye mtego unaoua biashara nyingi huku mwenyewe akiamini anafanya hesabu sawasawa. Tuseme mauzo yameshuka mpaka 150. Anarudi kwenye daftari, anagawa 6,000 kwa 150 anapata 40, anajumlisha na 20 anaona begi sasa linamgharimu 60 na yeye anauza 50, anashtuka, anapandisha bei mpaka 65. Wateja wanapungua tena, anauza 100. Pigeni hesabu pamoja na mimi: kwa bei ya 50 na mabegi 150 alikuwa anabaki na 30 kila begi baada ya kutoa gharama zinazobadilika, hiyo ni 4,500, toa 6,000 ni hasara ya 1,500. Kwa bei ya 65 na mabegi 100 anabaki na 45 kila begi, ni 4,500 ile ile na hasara ile ile ya 1,500, tofauti ni kwamba sasa amepoteza na wateja 50. Akigawa tena kwa 100 ataona begi ni 80 na atapandisha tena. Kitambaa ni kile kile na fundi ni yule yule. Kilichomponza ni kubebesha wateja wachache waliobaki gharama ya nafasi ambayo haikutumika.

Jambo hili si geni. Josiah Wedgwood, yule mtengenezaji wa vyombo vya udongo wa Uingereza, mwaka 1772 biashara ilipoyumba kwa sababu ya msukosuko wa mikopo alikaa na vitabu vyake akachambua gharama moja moja, akagundua kwamba vitu kama pango, kalibu na makarani vinatembea karibu vile vile vyombo viwe vingi au vichache. Na leo kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 2 kinataka gharama za kudumu za uzalishaji zigawanywe kwa uwezo wa kawaida wa uzalishaji, sio kwa idadi ya mwezi mbaya, na kile kisichopata wa kukibeba kinaandikwa kama matumizi ya kipindi hicho badala ya kuingizwa kwenye thamani ya stoku. Mfanyabiashara mdogo halazimiki kusoma kiwango chote, ila wazo hilo mimi nadhani lingemfaa kila mtu mwenye daftari: gawa kwa idadi unayoweza kuifikia katika mwezi wa kawaida, na pengo la mwezi mbaya liandike pembeni ulione kama pengo. Hapo utajua kwamba tatizo lako ni mauzo wala sio gharama ya begi, na dawa zake ni tofauti kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza begi linagharimu kiasi gani mimi hupenda mtu ajue kwanza ni mangapi yanamtoa kwenye hasara. Bei 50 toa 20 inabaki 30, gawa 6,000 kwa 30 unapata 200. Begi la 200 likiuzwa umelipa kila kitu na hujabaki na kitu. Kuanzia la 201 kila begi linaleta 30 nzima, sio 10. Hii 200 iandike mahali utakapoiona kila siku, ukiwa umeuza 90 na mwezi uko katikati unajua umesimama wapi bila kusubiri mtu wa mahesabu.

Ukiijua hiyo, hata maamuzi yanayoonekana magumu yanakuwa mepesi. Mfano amekuja mteja wa jumla anataka mabegi 80 kwa 35. Aliyeshika ile namba ya 40 atakataa, atasema ni hasara ya 5 kila begi. Lakini kama mafundi wana nafasi na gharama za kudumu haziongezeki, kila begi linaacha 15, mabegi 80 ni 1,200 ambayo isingekuwepo. Pokea oda. Ila, na hili nalisisitiza sana kwenye mafunzo, hiyo bei isigeuke kuwa bei yako ya kila mtu, maana ukiuza yote kwa 35 utahitaji mabegi 400 ili tu usipate hasara, na wewe uwezo wako ni 300.

Punguzo la bei nalo linaumiza zaidi ya linavyoonekana. Mtu anasema nimeweka faida ya asilimia 25, yaani 10 juu ya 40, kwa hiyo nikipunguza asilimia 25 narudi kwenye gharama. Hapana, asilimia 25 ya 50 ni 12.5, umeuza 37.5, uko chini ya 40. Ile 10 ni asilimia 25 ya gharama ila ni asilimia 20 tu ya bei. Na hata ukipunguza hiyo asilimia 20 tu, kwa kila begi kinachobaki kinashuka kutoka 30 mpaka 20, ili upate ile 9,000 uliyokuwa unaipata kwa mabegi 300 kabla ya kutoa gharama za kudumu inabidi uuze 450. Kabla hujatangaza ofa jiulize kama hayo 150 ya ziada yana mnunuzi na kama kuna mikono ya kuyashona.

Nije kwenye vitu vinavyosahaulika. Cha kwanza ni upotevu. Kama kila unapokata kitambaa asilimia 10 inaishia kuwa vipande visivyofaa, begi linalohitaji kitambaa cha 12 hulinunulii 12, unagawa 12 kwa 0.9 inakuwa 13.33. Inaonekana ndogo lakini kwa mabegi 300 ni 400 kwa mwezi, na haipo kwenye hesabu ya mtu aliyepima begi lililokamilika tu. Cha pili mshahara wako mwenyewe. Usipojilipa kwenye hesabu utajilipa kutoka kwenye droo, na hela ya droo haina kikomo. Wengine wanasema nitajilipa biashara ikikua, nawaelewa, lakini hata kama huchukui hela weka namba kwenye gharama, la sivyo bei yako imejengwa juu ya kazi ya bure na siku ukitaka kuajiri mtu wa kukaa nafasi yako utakuta haiwezekani. Cha tatu mashine: imenunuliwa 18,000 na itadumu miaka 3, hiyo ni 500 kila mwezi, iko ndani ya ile 6,000 hapo juu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nimeona pia mali yenye daftari ikipotea kwa sababu daftari halikuwa na hizi mistari mitatu.

Wanaouza huduma badala ya bidhaa, kwenu kitu cha kugawia ni saa. Siku 22 kwa saa 8 ni saa 176, lakini hakuna anayeuza zote, kuna kutafuta wateja, kutoa makadirio, kusafiri, kurudia kazi. Kama saa zinazolipiwa ni 110 na gharama zako za mwezi ni 6,600 basi saa yako ni 60, wakati aliyegawa kwa 176 anaamini ni 37.5 na anashangaa kwanini ana kazi nyingi na hana hela.

Sasa bajeti ya hela taslimu, hii usiichanganye na bajeti ya faida. Rudi kwenye mabegi 300. Mauzo ni 15,000, gharama 12,000, faida 3,000. Lakini kama asilimia 40 ya mauzo umewapa watu kwa mkopo wa miezi miwili, mwezi wa kwanza unaingiza 9,000 tu. Unatoa 11,500, maana uchakavu wa 500 haulipwi kwa mtu yeyote. Umeuza kila ulichopanga, hesabu ya gharama iko sawa, bei iko sawa, na bado unahitaji 2,500 ya kuziba pengo. Hii namba inatakiwa ijulikane kabla mwezi haujaanza, ukiwa bado unaweza kuongea na msambazaji akupe siku za kulipa au ukampunguzia mteja muda wa mkopo. Ukiigundua siku ya pango umechelewa.

Mwezi ukiisha ndo kazi inayorukwa kuliko zote, kulinganisha. Na watu wengi wanaolinganisha wanalinganisha vibaya. Bajeti ilikuwa mabegi 300 kwa 12,000. Wameshona na kuuza 240, wametumia 11,400. Mwenye karakana anafurahi ameokoa 600. Lakini 240 sio 300, ukiandika bajeti upya kwa mabegi 240 ni 4,800 ya zinazobadilika na 6,000 ya kudumu, 10,800. Kwa hiyo hajaokoa, amezidisha 600, na bila kujua gharama ya kila begi asingeweza kuliona hilo hata angeitazama bajeti siku nzima.

Ukishaiona 600 ichambue. Kwa mfano ukikuta kitambaa kimepanda kutoka 12 mpaka 13 kwa begi, hiyo ni 240, na zilizobaki 360 ni mafundi kulipwa muda wa ziada kwa sababu oda zote ziliangukia wiki ya mwisho. Hizi mbili zinakwenda sehemu tofauti. Muda wa ziada ni suala la kupanga kazi, unalishughulikia kwa kuanza kushona mapema, huna sababu ya kumpandishia mteja bei kwa ajili hiyo. Kitambaa ni kingine, kama msambazaji amekuambia bei haishuki basi gharama ya begi imebadilika na lazima bajeti ijue: 20 inakuwa 21, kinachobaki kwa bei ya 50 kinakuwa 29, na mabegi ya kukutoa kwenye hasara sasa ni 207. Futa ile 200 ukutani uandike 207, kisha ndo uanze kupanga mwezi unaofuata.