Kampuni ya maji si maji yaliyobinafsishwa

Juzi barazani Kibokoni, hapa Mombasa, kahawa ingali moto, mjomba mmoja alianza tena: "Tangu serikali ibinafsishe maji..." Nilinyamaza kwa kuwa ni mkubwa wangu. Lakini neno hilo nimelisikia mara nyingi mno mwaka huu, kwa kijana wa mkokoteni wa mitungi na hata kwa bwana mmoja anayetaka kiti cha wadi.

Kubinafsisha ni kuuza mali ya umma, yote au sehemu, ikawa ya watu wenye hisa zao. Basi. Sheria ya Maji ya Kenya ya 2002, ndiyo inayolaumiwa, haikufanya hivyo. Ilipanga upya nani afanye kazi gani.

Neno lenyewe lina asili nzuri. Nafsi tumeipata kwa Waarabu. "Bi-" ya kwao ni "kwa". Kwa hivyo binafsi ni "kwa nafsi yake", jambo la mtu mwenyewe. Tukaongeza "-isha", tukapata kubinafsisha. Taabu ni kwamba tumbo hilo hilo limemzaa ndugu mwenye sifa mbaya, ubinafsi, yaani uchoyo wa kujipendelea. Naona ndiyo sababu neno linaponyoka mtu akikasirika: hasemi habari ya hisa, asema kuna watu wanajijali wao tu. Hasira hiyo naielewa. Lakini kama ni uchoyo, tuuite uchoyo.

Lawama nyingine ni ya "kampuni". Mji huu ulianza kuzoea neno hilo zamani: kuanzia 1888 hadi 1895 kampuni ya kifalme ya Waingereza, ya watu wenye hisa hasa, ilitawala kutokea hapa Mombasa. Si ajabu masikio yetu yakisikia kampuni yanatafuta tajiri wa ng'ambo. Ila katika sheria kampuni ni chombo tu, kama jahazi. La kuuliza ni jahazi la nani. Hisa za kampuni ya maji ya Mombasa ni za serikali ya kaunti, si za mfanyabiashara.

Kabla ya 2002, wizara ilikuwa yenyewe ndiyo inayotunga sera, yenyewe inayogawa maji na yenyewe inayojikagua, ikisaidiana na shirika la taifa lililoundwa 1988 na mabaraza ya miji. Sheria ikazitenga kazi: mamlaka moja isimamie mito na visima, bodi za kikanda zimiliki mabomba, kampuni zihudumie wateja, na mdhibiti atoe leseni na kuidhinisha bei. Ni kweli sheria iliacha mlango wazi hata kwa mtu binafsi kupewa mkataba wa kuhudumia. Kupewa mkataba si kuuziwa. Dereva wa matatu ana ruhusa ya kuendesha na barabara si yake.

Ikaja Katiba ya 2010, ikaweka maji safi ya kutosha katika haki za kila mtu, na huduma ya maji ikapewa kaunti. Kwa hivyo sheria ikaandikwa upya 2016. Hiyo yasema kila chanzo cha maji kiko mikononi mwa serikali ya taifa kwa niaba ya Wakenya, yaani ni amana. Kwetu jambo hili ni zito, maana kisiwa chetu visima vyake vingi ni vya chumvi. Maji ya mfereji yatoka Mzima, Taita Taveta, zaidi ya kilomita 200. Yatoka Baricho kule Kilifi kwenye mto Sabaki. Yatoka Marere na Tiwi, Kwale. Yote hayo ni kaunti za watu. Ndiyo maana mabomba makubwa yanayovuka mipaka yako chini ya shirika la taifa la Pwani, na kaunti inapokea na kugawa.

Anayetaka kuona ubinafsishaji wa kweli atazame Uingereza, ambako mambo haya mawili yalifanywa mbalimbali. Sheria ya 1973 ilikusanya huduma za maji za England na Wales chini ya mamlaka 10 za kikanda, zote za umma. Huko ni kupanga upya. Sheria ya 1989 ikazigeuza mamlaka hizo kampuni, na hisa zake zikauzwa kwenye soko la hisa. Huko ndiko kubinafsisha. Scotland hawakuuza, na maji yao ni ya umma hadi leo. Jirani zetu wa Dar es Salaam nao, 2003, walimkabidhi mwendeshaji binafsi huduma kwa mkataba wa kukodisha, na 2005 serikali ikauvunja. Hata hapo mabomba hayakuuzwa.

Jioni ile nilimngoja mjomba amalize kikombe, nikamwambia taratibu: "Mjomba, sema maji yamepewa kampuni ya kaunti." Akauliza tofauti iko wapi, ikiwa bili ni ile ile. Nikamwambia tofauti ni pa kupeleka malalamiko: mwenye hisa humpati, lakini mwakilishi wa wadi wamjua hadi nyumba anayolala. Akacheka, akaomba kikombe cha pili.