Kunyanyua Prado ya zamani: anza na tairi, springi zifuate

Wanaoniletea Toyota Prado za toleo la 90 hapa gerejini kwangu Arusha wengi huanza na swali lilelile: "Fundi, unaweza kuinyanyua inchi ngapi?" Huwa tunachuchumaa wote nyuma ya gari, namwonyesha difu. Hilo bonge la chuma lililo katikati ya ekseli, lenye gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, ndilo linalogonga mawe kwenye korongo. Ekseli ya nyuma ya Prado hizi ni ya kipande kimoja, kwa hiyo ukiweka springi ndefu bodi itapanda na difu itabaki palepale. Difu inainuliwa na tairi peke yake. Springi inaipa tairi nafasi, na inainua bampa na ubavu.

Kwa hiyo tunaanza na tairi. Prado nyingi za toleo hili zilikuja na tairi ya saizi 265/70R16, ambayo kimo chake ni kama milimita 777. Ukipanda 265/75R16 unafika 804, na difu inapata nusu ya tofauti, milimita 13. Ukienda 285/75R16 unafika 834, difu inapanda 28. Inavutia, ila hapo utalazimika kukata plastiki za ndani ya madigadi na kulaza mshono wa bati. Mshale wa spidi nao, hata kama ulikuwa sahihi, ukisoma 80 wewe uko karibu 86. Na mwenye injini ya dizeli ya 1KZ atauona uzito wa tairi hizo akitoka Mto wa Mbu kupandisha Karatu. Mimi nashauri 265/75 na springi za kunyanyua milimita 40 hadi 50. Gari linafika Ziwa Natron na linarudi.

Kabla ya kununua chochote, pima kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pande zote nne. Prado moja ya 1999 niliyoipima ilikuwa imelala nyuma kushoto sentimita tatu zaidi ya kulia. Springi zilikuwa zimechoka, bushi (mipira ya kwenye viungo vya chini ya gari) zimepasuka. Gari la namna hiyo linatakiwa kupona kwanza. Ukifunga tairi kubwa juu ya bushi zilizokufa, usukani utatetemeka na utamlaumu muuza tairi bure.

Mbele ndiko kwenye hatari ya kuzidisha. Shokapu imeshika katikati ya mkono wa chini unaobeba gurudumu, kwa hiyo kipande cha milimita 25 kikiwekwa juu yake kinanyanyua gari karibu milimita 50. Watu hawajui, wanaweka cha 50! Shafti za mbele zinapinda vibaya, mipira inayofunika sivi jointi (viungo vya shafti hizo) inajisaga na kuchanika, grisi inaruka, vumbi linaingia. Na Prado nyingi za toleo la 90 zinavuta magurudumu manne muda wote, hivyo shafti hizo hazipumziki hata kwenye lami. Ukimaliza, alaimenti (kunyoosha magurudumu) ni lazima: mikono ya chini ina boliti za kurekebishia, na pasipo kurudisha pembe za magurudumu gari litatangatanga barabarani na tairi mpya zitaliwa upande mmoja.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi tunaliruka. Kwenye Prado nyingi, kutoka ekseli ya nyuma kuna kifimbo chembamba kinachokwenda kwenye valvu ya breki huko kwenye chesisi. Gari likibeba mzigo bodi inashuka, na kifimbo kinaiambia valvu iongeze breki ya nyuma. Ukinyanyua gari bila kukigusa, valvu itadhani gari ni tupu, hata ukipakia watu saba na mahema juu. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilimkabidhi mteja gari la namna hiyo. Alirudi padi za mbele zimekwisha mapema, na pua inazama kila akikanyaga breki. Bado inaniuma, kwani alikuwa anaendesha familia yake. Siku hizi nainua kishikizo cha kifimbo kwa kiasi kilekile cha springi, na naangalia mipira inayopitisha mafuta ya breki isivutike ekseli ikining'inia.

Kujua tairi inagusa wapi, napaka chaki kwenye bega la tairi, napanda tuta dogo polepole usukani umekatwa hadi mwisho, kulia kisha kushoto. Alama ya chaki kwenye plastiki inakuonyesha pa kupunguza. Spea nayo inaning'inia kwenye mlango wa nyuma, na tairi kubwa ni nzito zaidi, kwa hiyo kagua bawaba.

Boliti za bushi nazikaza mwisho kabisa, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza likiwa juu ya jeki, mpira unashikwa ukiwa umejinyonga, na miezi michache tu utakuwa umechanika. Baada ya kilomita 500 namwita mteja arudi, nazipitia zote tena kwa spana.